Kirusi kimeanzia mkoa gani? Kusoma takwimu za janga kabla ya kuchora ramani

Janga likiingia, kitu cha kwanza watu wanachotaka kuona ni ramani ya mikoa iliyopakwa rangi. Kwa anayefanya kazi hii, ramani inapaswa kuwa kitu cha mwisho kutengenezwa. Mkoa mwekundu huenda umejaa wagonjwa kweli, au huenda ndio pekee wenye maabara mbili na wahudumu wanaochukua sampuli hadi Jumapili. Jirani yake wa njano anaweza kuwa na maambukizi mara tatu zaidi, ila sampuli zake husafirishwa mbali na majibu hurudi baada ya siku nane. Ukiwaweka pamoja bila kuwasawazisha, ulichochora ni uwezo wa kupima. Kirusi chenyewe hakimo kwenye ramani hiyo.

Naandika kwa yeyote anayepokea faili la wagonjwa kila asubuhi na kuulizwa maswali yale yale: ugonjwa unatokea wapi, unaelekea wapi, utatufikia lini. Mifano mingi ni ya Uviko-19 kwa sababu takwimu zake ni nyingi kuliko za janga lolote lililotangulia, lakini njia zenyewe zinafaa pia kwa mafua ya 2009 na kwa kirusi kitakachofuata.

Tarehe ipi?

Kila mgonjwa ana tarehe nne: siku dalili zilipoanza, siku sampuli ilipochukuliwa, siku maabara ilipotoa jibu, na siku alipoingizwa kwenye taarifa rasmi. Taarifa za kila siku hutumia ya nne, nayo ndiyo mbaya kuliko zote kwa kazi hii. Vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vikiisha, maabara ikakaa na mrundikano wa sampuli wiki nzima, kisha ikazimaliza zote Alhamisi moja, grafu ya mkoa itaonyesha mlipuko wa Alhamisi ambao haukuwepo.

Tumia siku ya dalili kama imejazwa kwa wagonjwa walio wengi. Kama haijajazwa, tumia siku ya sampuli. Usizichanganye katika safu moja, hata kama nusu ya fomu zina hii na nusu zina ile. Kutoka dalili hadi sampuli hupita siku kadhaa, na idadi ya siku hizo haifanani mkoa kwa mkoa, kwa hiyo mchanganyiko huo utakufanya uone mkoa mmoja umetangulia kumbe umejaza fomu vizuri tu.

Ukihamia siku ya sampuli, tatizo jingine huzaliwa: mwisho wa grafu huporomoka kila mara. Si kwamba ugonjwa unapungua, ni majibu ambayo hayajarudi. Dawa yake ni rahisi na watu wengi huidharau: tunza nakala ya faili la kila siku, ipe jina lenye tarehe, na usiandike la leo juu ya la jana. Baada ya wiki tatu hivi utakuwa na jedwali linaloonyesha, kwa kila mkoa, ni sehemu gani ya wagonjwa wa siku fulani huwa wameshaingia baada ya siku 1, 2, 3, hadi 14.

Tuseme mkoa A hufikisha asilimia 80 siku ya tatu, na mkoa B asilimia 40. Leo wote wawili wanaonyesha wagonjwa 60 waliochukuliwa sampuli siku tatu zilizopita. Gawanya 60 kwa 0.8, unapata 75. Gawanya 60 kwa 0.4, unapata 150. Mikoa iliyolingana kwenye taarifa ya asubuhi imepishana mara mbili.

Hesabu hii ina mipaka yake. Siku ambayo imeingia chini ya asilimia 30 iache, kwa kuwa unagawanya kwa namba ndogo na kosa dogo linavimba. Ipake kijivu kwenye grafu na uendelee. Hesabu huvunjika pia wakati wa sikukuu na maabara inapobadilisha mfumo wa kutuma majibu. Ndiyo maana jedwali la ucheleweshaji huhesabiwa upya kila wiki kwa kutumia wiki chache za karibuni, si tangu janga lianze.

Mahali, na jinsi wilaya inavyopotea

Mgonjwa ahesabiwe anakoishi au alikopimiwa? Kwa kufuatilia kusambaa, anakoishi. Mkoa wenye hospitali ya rufaa hupokea wagonjwa wa mikoa mitatu, na usipoangalia utasema ndio chimbuko la kila wimbi. Dalili ya kosa hili inajulikana: mji wenye hospitali kubwa unaongoza siku zote, huku wilaya zinazouzunguka zikiwa kimya zaidi ya kawaida. Kama safu ya makazi haipo, angalau tenga wagonjwa walioletwa kwa rufaa.

Kisha kuna kuunganisha majedwali. Usiunganishe kwa majina ya wilaya. Mmoja ataandika jina kwa herufi kubwa, mwingine atalifupisha, wa tatu ataacha nafasi mwishoni ambayo jicho halioni lakini kompyuta inaiona. Tumia namba rasmi za utawala, na uzihifadhi kama maandishi, kwa sababu lahajedwali kama Excel hula sifuri ya mwanzo: wilaya namba 0412 inageuka 412, haipati mwenzake upande wa pili, na inatoweka kwenye ramani bila onyo lolote. Hesabu mistari kabla ya kuunganisha, uihesabu tena baada. Ni kazi ya sekunde kumi.

Mistari hupotea hata kwa wakubwa. Mwaka 2020 wagonjwa 15,841 wa England hawakuonekana kwenye taarifa za Septemba 25 hadi Oktoba 2, kwa kuwa matokeo ya maabara yalipitishwa kwenye faili za Excel za mfumo wa zamani wa XLS, ambao haupokei zaidi ya mistari 65,536. Iliyozidi ilikatwa. Wenyewe walipata majibu yao, lakini wafuatiliaji wa watu waliokutana nao hawakuwa na habari. Wagonjwa hao walipoingizwa wote kwa mpigo mwanzoni mwa Oktoba, grafu ya siku ya taarifa ilipaa kana kwamba ugonjwa umelipuka wikendi moja. Grafu ya siku ya sampuli haikuwa na ruko hilo, wagonjwa walirudi kila mmoja kwenye siku yake.

Kigawanyo

Hapa sitakaa sana. Jumlisha wagonjwa wa siku 7, gawanya kwa idadi ya wakazi, zidisha kwa 100,000. Siku 7, si 5 wala 10, ili kila dirisha liwe na Jumapili moja tu na mapengo ya wikendi yajifute yenyewe.

Tatizo ni maeneo madogo. Katika wilaya ya watu 4,000, wagonjwa 3 ni sawa na 75 kwa kila 100,000, na wakiwa 6 ni 150. Familia moja imepimwa, wilaya imepanda daraja. Kanuni ya haraka: idadi ya wagonjwa huyumba kwa bahati tu kiasi cha kipeuo chake cha pili mara mbili, juu na chini. Ukiwa na 9, kipeuo ni 3, kwa hiyo chochote kati ya 3 na 15 kinaweza kuwa hali ile ile. Mimi sipangi wilaya kwa nafasi kama wagonjwa hawajafika 20. Naiunganisha na jirani yake au naongeza dirisha liwe siku 14.

Asilimia ya vipimo chanya

Idadi ya wagonjwa peke yake haikuambii kama wameongezeka au wametafutwa zaidi. Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa kigezo kwamba, pale upimaji unapofanyika kwa upana, asilimia ya vipimo chanya iwe chini ya 5 kwa wiki mbili kabla ya kulegeza masharti. Watu waliishika 5 hiyo kama amri, lakini faida kubwa ya asilimia hii ni kuisoma sambamba na idadi ya vipimo. Wagonjwa wakipanda na vipimo vikipanda huku asilimia ikishuka, sehemu kubwa ya ongezeko ni upimaji. Asilimia ikipanda hata vipimo navyo vikipanda, ugonjwa unakimbia kuliko mnavyoufuata. Mseto wa kuogopa kuliko yote ni vipimo kushuka, wagonjwa kubaki pale pale, na asilimia kupanda. Mkoa huo unaonekana umetulia, kumbe macho yake yanafumba.

Yanayoiharibu asilimia hii ni mengi. Vipimo vya wasafiri huishusha, maana ni watu wazima wa afya wanaohitaji cheti, na mkoa wenye uwanja wa ndege wa kimataifa utaonekana salama kuliko ulivyo. Watoe kwenye hesabu. Mgonjwa anayepimwa tena na tena ili aruhusiwe kurudi kazini huipandisha. Hesabu mtu mara moja ndani ya siku 90. Kipimo cha haraka cha antijeni na kipimo cha PCR, kile cha maabara kinachozidisha vipande vya jeni za kirusi mzunguko kwa mzunguko hadi vionekane, visiwekwe kwenye kapu moja, kwa sababu cha haraka hukosa wenye virusi kidogo. Na watu wakianza kujipima nyumbani, wenye majibu chanya ndio watakaokwenda kituoni kuthibitisha. Asilimia itapanda bila ugonjwa kuongezeka.

Nani ametangulia

Chora kwenye mizani ya logi, ambako kupanda kutoka 10 hadi 20 kunachukua nafasi sawa na kutoka 500 hadi 1,000. Hapo mikoa miwili inayokua kwa kasi moja huonekana kama mistari sambamba hata kama mmoja una wagonjwa mara hamsini ya mwingine.

Muda wa kuongezeka maradufu ni huu: mkoa ulikuwa na wagonjwa 120 wiki iliyopita, wiki hii 210. Uwiano ni 1.75, logi yake asilia ni 0.56, gawanya kwa 7 unapata 0.08 kwa siku. Gawanya 0.693, ambayo ni logi asilia ya 2, kwa hiyo 0.08: siku 8.7. Fanya hivyo kwa kila mkoa, kila wiki, kwa tarehe zilizokwisha kusawazishwa. Usitumie siku za kijivu.

Ili kujua mpangilio, chagua kizingiti kimoja, tuseme wagonjwa 50 kwa kila 100,000 kwa wiki, uandike kila mkoa ulikivuka lini. Kisha jizuie kusema mkoa wa kwanza uliuambukiza wa pili. Mikoa miwili inaweza kuwashwa kwa wakati mmoja na chanzo cha tatu, mmoja ukachelewa kuonekana kwa sababu vipimo vyake ni vichache. Umbali kwenye ramani nao hudanganya. Kirusi hufuata safari za watu, hivyo huruka kutoka jiji kubwa hadi jiji kubwa, kisha hujaza vijiji vilivyo katikati. Wilaya ya mbali yenye mgodi na wafanyakazi wa zamu itawaka kabla ya jirani wa jiji asiye na barabara nzuri. Panga mikoa kwa wingi wa wasafiri wanaoingia na utaona mpangilio unaoeleweka kuliko ule wa kilomita.

Aina mpya ya kirusi: kipimo kisichojali sana idadi ya vipimo

Nikiruhusiwa kutumia kitu kimoja tu kulinganisha mikoa, nitachagua sehemu ya sampuli chanya zenye aina mpya. Mkoa uliopima watu 300 na uliopima 30,000 wote wanaweza kukuambia aina mpya imefika asilimia ngapi, mradi sampuli zilizosomwa zimeokotwa bila kuchaguliwa. Tofauti za uwezo wa kupima hapa zinakusumbua kidogo sana.

Mfano mzuri ni mkoa wa Gauteng, Afrika Kusini, Novemba 2021. Baadhi ya vitendanishi vya PCR hutafuta jeni tatu za kirusi, mojawapo ikiwa S. Omicron ya kwanza, BA.1, ilikuwa na pengo katika jeni hiyo, kwenye nafasi ya 69 na 70 ya protini yake, hivyo kipimo kilishika jeni mbili na kuikosa S. Delta, iliyokuwa imetawala wakati huo, haikuwa na pengo hilo. Maabara zikaanza kuona S ikikosekana kwa wingi, jenomu (mfuatano mzima wa herufi za urithi za kirusi) zikasomwa, Afrika Kusini ikatoa taarifa kwa Shirika la Afya Duniani Novemba 24, na jina la Omicron likatolewa Novemba 26. Kwa kukosekana kwa S mtu angeweza kufuatilia aina mpya mkoa kwa mkoa, siku ile ile ya kipimo, bila kusubiri jenomu.

Ujanja huu una masharti. Hesabu sampuli zenye virusi vya kutosha tu, yaani ambazo jeni nyingine zimeonekana kabla ya mzunguko wa 30 hivi wa PCR. Kwenye sampuli dhaifu S hukosekana kwa bahati. Kumbuka kila mzunguko ni maradufu, kwa hiyo mizunguko 3.3 ni tofauti ya mara kumi. Na ishara hubadilika: Alpha, aina iliyotangulia Delta, ilikuwa na pengo lile lile, na BA.2 iliyofuata BA.1 kwa kawaida haikuwa nalo, hivyo S ilirudi wakati Omicron bado inatawala. Asiyejua angetangaza Delta imefufuka.

Kulinganisha kasi, tumia uwiano wa aina mpya kwa ya zamani badala ya asilimia. Kutoka asilimia 10 hadi 40 kwa wiki ni kutoka 10 kwa 90 hadi 40 kwa 60, yaani 0.11 hadi 0.67, mara sita. Kwenye mizani ya logi uwiano huo hupanda kwa mstari ulionyooka, na siku mstari wa kila mkoa unapovuka 1, ndipo aina mpya imefika nusu. Panga mikoa kwa siku hiyo.

Jenomu ngapi zisomwe? Ili uwe na uhakika wa asilimia 95 wa kuikuta angalau moja ya aina iliyofika asilimia 1 ya maambukizi, unahitaji kama 300. Kwa asilimia 5, 59 zinatosha. Mkoa uliosoma jenomu 20 na kutoikuta haujasema kitu. Pia usisome kutoka kwenye mlipuko mmoja wa shule au gereza ukaita hali ya mkoa, wala usichukue tarehe ya jenomu ya kwanza kuwa tarehe ya kuwasili. Na jenomu hazisemi nani kamwambukiza nani kirahisi hivyo: kirusi cha Uviko-19 kina herufi kama 30,000 na hupata mabadiliko kama mawili kwa mwezi, kwa hiyo watu watatu wa mnyororo mmoja mara nyingi hubeba jenomu zinazofanana kabisa.

Majitaka

Walioambukizwa hutoa vipande vya kirusi chooni, wawe na dalili au wasiwe nazo, wawe wamepimwa au la. Uholanzi sampuli za majitaka za mwanzoni mwa Februari 2020 hazikuwa na kirusi. Mwanzoni mwa Machi kilionekana katika miji kadhaa, wagonjwa wakiwa bado wachache.

Chukua sampuli kwa mashine inayochota kidogo kidogo kwa saa 24. Kuchota kopo moja saa nne asubuhi hukupa picha ya waliokwenda chooni asubuhi hiyo, na kesho utapata namba tofauti mara tatu bila sababu. Ihifadhi kwenye baridi ya nyuzi 4 na ifike maabara siku ile ile au ya pili yake. Usiigandishe na kuiyeyusha, vipande huvunjika. Kila sampuli itiwe kiasi kinachojulikana cha kirusi kingine kisicho na madhara kabla ya kuchujwa. Kikirudi kidogo, ama umekipoteza njiani ama majitaka yana kemikali zinazozuia PCR, na matokeo ya siku hiyo hayafai.

Mvua ndiyo adui mkubwa. Mtaro ukipokea maji ya mvua, nakala za kirusi kwa lita hushuka na mtu hufurahi bure. Zidisha kwa wingi wa maji yaliyopita siku hiyo, ugawanye kwa idadi ya watu waliounganishwa. Kama kituo hakina kipima maji, linganisha na kirusi cha mimea kinachoshambulia pilipili, ambacho watu hukila kwenye chakula na kukitoa kwa wingi kila siku. Kikishuka pamoja na unachokitafuta, ni maji yameongezeka.

Usilinganishe kituo na kituo kwa namba zenyewe. Urefu wa mabomba, joto, viwanda na njia ya maabara vyote hubadilisha kiwango. Linganisha kila kituo na historia yake, kisha linganisha mielekeo. Tumia namba ya katikati (mediani) ya sampuli tatu za mwisho, na badiliko lililo chini ya maradufu kati ya sampuli mbili usilitangaze. Wala usigeuze nakala kuwa idadi ya wagonjwa, kwa kuwa kiasi ambacho mtu hutoa hutofautiana kwa mtu, kwa siku ya ugonjwa na kwa aina ya kirusi. Mpaka wa mabomba nao haufuati mpaka wa wilaya, na wanaotumia vyoo vya shimo hawamo kabisa. Magari ya kunyonya maji machafu yakimwaga kituoni, yanaweza kuwa yameleta ugonjwa wa mkoa mwingine.

Waliolazwa na waliofariki hufuata baadaye, vifo vikichelewa wiki tatu hivi au zaidi baada ya maambukizi. Kwa kutabiri havifai, lakini kwa kukagua vinafaa sana: mkoa usio na wagonjwa kwenye grafu wala vifo vya Uviko, huku vifo vya sababu zote vikipita wastani wa miaka ya nyuma kwa theluthi nzima, ulikuwa na wimbi na halikupimwa.

Sasa chora

Chini ya ramani andika tarehe iliyotumika, siku ya mwisho iliyokamilika, na idadi ya vipimo kwa kila mkoa. Maeneo yenye vipimo vichache yapigwe mistari ya mshazari, yasipewe rangi hafifu inayosomeka kama usalama. Sifuri na pengo visiwe na rangi moja. Na sifuri yenyewe ina uzito tofauti: watu 40 wakipimwa bila hata mmoja kukutwa na kirusi, gawanya 3 kwa 40, na jibu ni kwamba kati ya watu wa aina ile uliyowapima, wenye maambukizi bado wanaweza kufika asilimia 7.5. Wakiwa 600, ni nusu asilimia. Weka namba hiyo kwenye jedwali karibu na sifuri, mkoa kwa mkoa.